Unasoma Anthropolojia na Unasaka Atachi Kitale ama Bungoma? Kaa Hapa Tubonge

"Anthro nini?"

Hilo ndilo swali nililopigwa na soja wa geti moja hapa Kitale, mwezi wa tano, saa sita ya mchana, jua limewaka na mimi niko na bahasha ya kaki kwapani. Nikamwambia anthropolojia. Akanicheki kutoka kichwa hadi viatu (viatu vyenyewe vilikuwa vya kuazima), akauliza, "Hiyo ni ile ya mifupa ama ni ya dawa?" Nikasema ni ya watu. Mzee akacheka mpaka akashika geti. "Sasa kijana yangu, watu si tunaishi nao tu? Nani atakulipa juu ya kuangalia watu?"

Siku hiyo niliingia ofisi nne. Tatu waliniambia niache barua, watanipigia. Ya nne walikuwa wakweli, wakasema wanachukua wa uhasibu, wa kompyuta na wa ununuzi peke yake. Hizo simu tatu bado nazingoja, na sasa ni miaka minne.

Sikumaliza campo. Siwezi danganya ati ni atachi peke yake ilinitoa, juu karo pia ilikuwa imenishinda na mathe alikuwa ashauza ng'ombe. Lakini atachi ilikuwa lazima, sikuipata, na semesta iliyofuata nikarudi na pengo kwa matokeo na deni kwa ofisi ya fedha. Hapo ndio roho ilichoka. Kwa hivyo hii story siiandiki kama mtaalamu. Naiandika kama msee aliyepitia huo mlango akaupata umefungwa, halafu akakaa chini kujiuliza ni nani aliufunga.

Na naiandika sai juu Mei inakaribia. Comrade wengi watatoka campo waje kwao Trans Nzoia na Bungoma na ile barua ya kuwatambulisha, wakidhani kurudi nyumbani ndio rahisi. Nyumbani hakulipiwi keja na chakula kiko. Lakini ofisi ni zile zile chache, na mko wengi.

Kwanza, usichanganye atachi na intanshipu

Hii inachoma wasee kila mwaka. Atachi ni ya mwanafunzi. Bado uko campo, chuo kinakuandikia barua, unapewa daftari la kujaza kila siku, lekchara anakuja kukukagua, na mara nyingi ni miezi mitatu bila hata shilingi. Intanshipu ni ya mtu ashamaliza. Kwa serikali kuna ule mpango wa Tume ya Utumishi wa Umma, PSC, unaochukua waliograduate na kuwapa posho ya kila mwezi. Ukiwa mwaka wa tatu na unaomba huo mpango, unajichosha bure. Hautaitwa, na hakuna mtu atakueleza kwa nini.

Kwa hivyo ukienda ofisi ya kaunti, sema wazi: "Natafuta nafasi ya atachi, ni sehemu ya kozi yangu, nina bima ya mwanafunzi." Hiyo ya bima wengi huisahau, na ni moja ya vitu vya kwanza watu wa HR huuliza.

Kwa nini wa anthropolojia anaumia zaidi

Kusema ukweli hata wa uinjinia analia. Lakini wa uinjinia akisema kozi yake, mtu wa ofisi anajua atamweka wapi. Wewe ukisema yako, lazima kwanza utoe darasa. Na mtu wa HR ana barua rundo mezani. Hana time ya darasa.

Halafu kuna kitu kilitokea mwaka jana ambacho watu hawajakihesabu vizuri. Kwa miaka mingi kimbilio la watu wa sayansi ya jamii huku magharibi lilikuwa mashirika na miradi ya afya. Cheki tu ramani. AMPATH ilianza Eldoret 2001 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa ya Moi na Chuo Kikuu cha Indiana, ikasambaa mpaka hospitali za huku kwetu. One Acre Fund ilizaliwa Bungoma 2006 na wakulima wachache tu wa mahindi. Busia hapo jirani ndio Michael Kremer na wenzake walifanya ule utafiti wa dawa za minyoo kwenye shule 75, na 2019 Kremer akashinda Nobel ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo. Nyuma ya kila utafiti kama huo kuna kijana wa hapa aliyetembea na karatasi ama tablet boma kwa boma, akiuliza maswali kwa Kibukusu, Kisabaot ama Kiteso. Hiyo kazi ilikuwa inalisha wengi.

Sasa Januari 20, 2025, Donald Trump akaapishwa na siku hiyo hiyo akasimamisha misaada ya nje. Kufika Julai 1 USAID ilikuwa imefungwa rasmi. Miradi iliyokuwa inaitegemea ikapunguza watu, mingine ikazima. Wengi waliona hiyo kama habari ya dawa za HIV, na kweli hapo ndipo ilichoma zaidi. Lakini shirika likifuta wafanyakazi wake wa mishahara, unadhani litachukua wa atachi? Kiti chenyewe hakipo tena. Hiyo ndiyo hali comrade wa mwaka huu anatokea ndani yake, na campo bado wanampa orodha ile ile ya mashirika ya zamani.

Kitu cha tatu ni kwamba hatuna mtu wa kutupigia kelele. Madaktari waligoma siku 56 mwaka wa 2024, na moja ya vita vyao vikubwa ilikuwa posho ya madaktari intani: mkataba ulisema 206,000 na chenji, serikali ikasema 70,000. Walimu intani wa JSS walilipwa 20,000 kabla ya makato, wakaenda kortini na barabarani, na Januari 2025 walimu 46,000 wakaajiriwa kabisa. Hao wako na KMPDU na KUPPET nyuma yao. Sisi tuko na group ya WhatsApp, na hata hiyo admin alitoka.

Lakini cheki mahali unaishi

Hapa ndipo mimi hukasirika. Juu ukitafuta Kenya nzima mahali pa mtu wa anthropolojia kufanya kazi, ni ngumu upate kushinda hapa kati ya Kitale na Bungoma.

Anza na Kitale Museum. Luteni Kanali Hugh Stoneham, setla aliyependa kukusanya vipepeo, ndege, vitabu na vitu vya jamii za huku, alianzisha makumbusho yake 1926. Alipofariki 1966 aliachia serikali mkusanyo wake, na 1974 jengo la sasa likafunguliwa. Leo liko chini ya National Museums of Kenya, na ndani yake kuna boma za mfano, vifaa vya jamii za magharibi na msitu wa kutembea. Sisi wa hapa tulipelekwa huko class five tukacheki nyoka tukarudi. Hakuna aliyetuambia kuna mtu analipwa kujua hiyo ngao ni ya nani na ilikuja aje.

Panda mathree ya Bungoma, ile ya kupitia Kiminini na Kamukuywa. Ukifika Webuye kuna kilima cha Chetambe, mahali Wabukusu walipigana na Waingereza 1895. Kimilili ni nchi ya Elijah Masinde na Dini ya Msambwa, mtu aliyewasumbua wakoloni wakamfunga, na hata baada ya uhuru akafungwa tena. Wazee waliomjua wanaisha. Masinde mwenyewe aliaga 1987, kwa hivyo aliyekuwa kijana wa miaka 20 akimfuata mwisho mwisho, leo anakaribia 60.

Halafu kuna Agosti. Mwaka huu ni 2026, mwaka wa shufwa, na kila mtoto wa Bungoma anajua maana yake. Kutakuwa na chinyimba mkononi, safari ya kwa mjomba, tope la mto alfajiri, na Sioyaye barabarani. Kijana atakayesimama ataingia kwenye rika lake, moja ya yale manane yanayozunguka: Bakolongolo, Bakikwameti, Bakananachi, Bakinyikeu, Banyange, Bamaina, Bachuma na Basawa. Hiyo ni kalenda ya kuhesabu historia ya watu bila karatasi. Mjerumani Günter Wagner alikuja huku miaka ya 1930, akakaa na Wabukusu na Walogoli, akaandika kitabu kikubwa ambacho juzuu ya kwanza ilitoka 1949, na hadi leo wanafunzi wetu wanakinukuu. Mgeni alitoka Ulaya kuja kuandika rika letu, na mtoto wa Chwele anayesomea kazi hiyo hiyo anaambiwa hakuna nafasi.

Na usidhani hii ni mambo ya ngoma na njuga tu. Septemba 2022, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma iliamua upande wa Ogiek wa Chepkitale, kule juu Mlima Elgon, kwenye kesi ya ardhi yao iliyokuwa imegeuzwa hifadhi ya wanyama mwaka wa 2000. Ukitaka kumwonyesha jaji kwamba watu wameishi mahali, unahitaji majina ya vilima, koo, mipaka ya malisho, mahali mizinga ya asali huwekwa. Mtu aliyefundishwa kuuliza na kuandika hayo vizuri anaitwaje? Ndiyo huyo unayemrudisha getini.

Upande wa afya pia. Pango la Kitum liko huku huku Trans Nzoia, na visa vya virusi vya Marburg vya 1980 na 1987 vilihusishwa na watu waliolitembelea. Oktoba 2017 Marburg ikalipuka Kween, Uganda, ule upande mwingine wa Elgon, na kaunti za huku zikawekwa kwa tahadhari. Ebola ilipovamia Afrika Magharibi 2014, moja ya vitu vilivyosambaza ugonjwa ilikuwa mazishi, na wataalamu wa anthropolojia waliitwa kusaidia kutafuta njia ya kuzika bila kuambukizana na bila kuwavunjia watu heshima. Sasa niambie, idara ya afya ya kaunti iliyo mpakani na Elgon haihitaji mtu anayejua Msabaot ama Mbukusu anazikaje?

Sheria iko upande wako, itumie

Hii sikufundishwa campo, niliisoma baadaye nikiwa nimekaa nyumbani. Katiba ya 2010, kwa Ratiba ya Nne, imewapa kaunti kazi ya utamaduni, maktaba na makumbusho. Halafu 2016 Bunge likapitisha sheria ya kulinda maarifa ya kijadi na sanaa za kitamaduni, na ndani yake kaunti zinatakiwa kuwa na rejista ya maarifa hayo. Rejista maana yake mtu aende aulize, aandike, arekodi, apange. Hiyo ni kazi ya atachi kabisa. Haihitaji laptop ya laki moja. Inahitaji daftari, simu yenye moto na mtu mwenye subira ya kukaa na mzee masaa matatu.

Kwa hivyo ukienda ofisi ya utamaduni, usiulize "kuna nafasi?" Jibu la hilo swali linajulikana. Uliza hivi: "Rejista ya maarifa ya kijadi ya kaunti imefika wapi, na mnaweza kunitumia kwa miezi mitatu kuisongesha kwa wadi yangu?" Sasa umewaletea kazi badala ya kuwaletea mzigo.

Form ya kusaka

Toa neno anthropolojia kwa mstari wa kwanza wa barua. Usilifiche, liweke chini. Juu andika kitu unaweza kufanya: kuhoji watu, kutafsiri kutoka lugha ya mama hadi Kiswahili na Kiingereza, kuandika ripoti, kusimamia kikundi cha mahojiano, kujaza fomu za utafiti bila kubuni majibu. Mtu wa ofisi anaelewa vitendo haraka kuliko jina la kozi.

Anza mapema. Mimi nilianza Mei kutafuta ya Mei, na hapo ndipo niliharibu. Barua zako zitoke Januari ama Februari, mwisho kabisa Machi.

Badilisha barua kwa kila ofisi. Ya makumbusho iongee vifaa na wageni. Ya idara ya afya iongee wahudumu wa kijiji na mambo ya mazishi na uzazi. Ya idara ya kilimo iongee kwa nini mkulima anakataa mbegu fulani ilhali ameelezwa mara tatu. Kitale ni mji wa mahindi, Kenya Seed iko hapa, na watu wengi hupoteza pesa kwa kutouliza mkulima anafikiria nini.

Usipuuze korti, maktaba ya kaunti, redio za lugha ya mama, ofisi ya chifu na vyuo vyenyewe. Kibabii iko Bungoma na ina wahadhiri wanaofanya utafiti. Lekchara akiwa na mradi anaweza kuhitaji mtu wa kukusanya data hata kama haujasomea kwake. Mwandikie, eleza unajua lugha gani na unatoka wadi gani.

Na ukipata nafasi, usirekodi mzee bila ruhusa. Utafiti Kenya una leseni yake kutoka NACOSTI, na kazi ya atachi iendane na barua ya ofisi iliyokuchukua. Zaidi ya hiyo ni heshima ya kawaida. Ukifika kwa kuka, kwanza salamu, mulembe, halafu useme wewe ni wa ukoo gani. Atakuuliza tu.

Tusidanganyane pia

Hizi mbinu hazitamaliza shida, na sitaki mtu asome hii aseme ati wanaokosa ni wavivu. Piga hesabu na mimi. Unaishi Matisi na ofisi iko mjini, hapo unaweza tembea. Lakini ukipewa nafasi Bungoma na wewe ni wa Endebess, hiyo ni keja, chakula na nauli kwa miezi mitatu bila mshahara. HELB haikuulizi kama uko atachi. Campo nyingine zinakulipisha hiyo atachi kama somo lingine lolote, kisha wewe ndio unaenda kuitafuta. Yaani unalipia kitu halafu unatumwa ukakilete mwenyewe.

Matokeo yake ni kwamba atachi nzuri zinaenda kwa mtoto ambaye mzae wake anajuana na mkurugenzi, ama ambaye nyumbani kuna pesa ya kumlisha akifanya kazi bure. Yule wa msoto anajaziwa daftari na mjomba mwenye kiosk ili apite, anamaliza campo bila kuguswa na kazi yake, na intanshipu zikifunguliwa anaambiwa hana uzoefu. Hapo umeona mzunguko wenyewe.

Vitu viwili vinaweza kubadilisha hii bila kungoja Nairobi. Kaunti zetu mbili zitangaze kila Januari idadi ya nafasi za atachi kwa kila idara, zibandikwe hadharani, ijulikane utamaduni wanachukua wangapi na afya wangapi. Na campo zinazofundisha anthropolojia ziache kutuma watoto na barua ya "kwa yeyote anayehusika." Ziandike mkataba na makumbusho na kaunti, waseme kila mwaka tutaleta watu sita, tayari wamefundishwa. Chuo kikiweza kulipisha somo, kiweze pia kulitafutia darasa.

Binamu yangu wa Chwele alifanya hiyo form ya barua mwaka jana. Alituma tisa, akajibiwa mbili, akachukuliwa na ofisi moja. Wiki mbili za kwanza alikuwa wa chai na fotokopi. Ya tatu bosi wake akahitaji mtu wa kuongea na akina mama wa kijiji fulani waliokataa mradi wa maji, na hakuna aliyetaka kwenda. Akaenda. Alikaa nao jioni mbili wakichambua mboga, akagundua bomba lilikuwa limechorwa kupita kwa makaburi ya ukoo. Akaandika kurasa tatu. Bomba likasogezwa, maji yakaingia. Hawakumlipa hata ndururu, lakini alirudi campo na barua inayosema alichofanya, na hiyo barua imebandikwa kwa ukuta wa sebule ya mamake.

Mimi nimeuliza kule campo kama naweza kurudi kumalizia. Wamesema niandike barua, na deni nilipe pole pole. Barua nimeandika. Ya kuomba atachi pia nimeandika, na hii mara neno anthropolojia liko mstari wa nne. Kesho asubuhi napita kwa ile geti. Nasikia soja ni yule yule.